Betri Haifi, Inauawa

Jamani, nimerudi. Nilikuwa nyumbani Chapwa kwa likizo ya wiki mbili. Nimekula parachichi mpaka nimechoka, nimelala chini ya mablanketi mawili kwa baridi ya kweli, si hii feni yenu ya Dar. Na nimerudi na hasira. Si hasira ya siasa wala ya mpira. Ni hasira ya betri. Ndiyo, betri. Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Kwa wasioijua Chapwa: ipo Tunduma, mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ukitokea Mbeya unaipita kabla hujafika mpakani. Sisi tuliokulia kule tulijifunza kuhesabu kwa malori. Foleni ikikolea, madereva wanapika ugali chini ya matela, mama zetu wanauza chai na chapati, na utingo wanaoga kwa ndoo nyuma ya nyumba za watu. Oktoba 2019 Rais Magufuli na mwenzake wa Zambia, Rais Lungu, walizindua kituo cha pamoja cha forodha pale Tunduma. Tukashangilia, lakini foleni tumeendelea kuziona.

Sasa angalia kilichobebwa. Malori yanayotoka upande wa Zambia kwenda bandari ya Dar yamebeba shaba, zile sahani nyekundu zilizofungwa kwa minyororo, nyingine ya Zambia na nyingine ya Kongo. Mengine hubeba kobalti ya Kongo, hiyo huioni kwa macho kwa sababu ipo ndani ya mifuko mikubwa. Kongo hutoa karibu robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Mwaka 2025 serikali yao ilisimamisha kuiuza nje kuanzia Februari, na Oktoba ikaweka viwango vya kiasi gani kitoke, soko la dunia nzima likatikisika. Kobalti hiyo huingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Kwa maneno mengine, betri za dunia hupita mbele ya mlango wa bibi yangu zikiwa bado ni madini.

Na huko nyuma ya nyumba ya bibi huyo huyo kuna guta la umeme limekufa. Kuku wanataga humo.

Guta ni la mtoto wa mjomba wangu, kaka ambaye namheshimu kwa sababu hajawahi kukaa kijiweni kusubiri serikali. Aliuza mahindi, akaongeza mkopo wa kikundi, akanunua guta la matairi matatu la kubebea vinywaji na mifuko ya saruji kutoka Chapwa kwenda mpakani na kurudi. Akachoka na bei ya petroli, akataka kitu cha kuchomeka ukutani. Wazo zuri kabisa. Lilikuwa na betri tano za risasi na tindikali, za volti 12 kila moja, zimeunganishwa kwa mfuatano kupata volti 60. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alimpa funguo, chaja, na kijitabu cha Kichina chenye Kiingereza kibovu upande wa pili. Kaka akauliza matunzo yake vipi. Jibu alilopewa analikumbuka neno kwa neno: "Bosi, hii ni kama simu tu. Ikiisha unachomeka."

Ndugu zangu, sentensi hiyo ndiyo iliyomuua kaka yangu kibiashara. Maana kwa betri za aina ile ni uongo mtupu.

Betri ya risasi haitakiwi kutumika mpaka iishe. Ukitaka idumu, irudishe kwenye chaji ikiwa bado na nusu hivi. Inapotoa umeme, risasi iliyomo ndani hugeuka chumvi ya salfati. Ukiichaji mapema, chumvi ile hurudi kuwa kitu cha kazi. Ukiiacha tupu kwa siku nyingi, chumvi huganda ikawa gumu kama magadi ya zamani, na chaja haiwezi tena kuiyeyusha. Kaka alikuwa anaendesha mpaka guta linasimama lenyewe barabarani. Usiku mwingine LUKU imeisha, linalala tupu. Ukatokea msiba Ileje, akakaa wiki mbili, guta nalo limekaa wiki mbili bila chaji. Aliporudi, mzigo wa safari sita ukawa wa safari mbili.

Akaita fundi wa redio na majenereta. Fundi akabandua vifuniko, akaongeza tindikali. Kosa la pili. Kinachopungua kwenye betri ya maji ni maji, na kinachoongezwa ni maji safi yasiyo na chumvi. Ukiongeza tindikali unaikaanga. Na kama betri ni ya kuzibwa moja kwa moja, vifuniko havibanduliwi kabisa. Kisha ikashauriwa abadilishe betri moja tu, ile "mbovu zaidi". Kosa la tatu. Betri mpya ikifungwa mfuatano mmoja na nne chovu, zile chovu hujaa haraka na kuisha haraka, chaja haijui ni ipi inahitaji nini, na ile mpya inazeeka kwa kasi ya wenzake. Baada ya miezi michache zote tano zikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Na Chapwa yote ikapitisha hukumu: "Mambo ya Kichina hayo. Umeme si wa kwetu."

Hukumu hiyo ndiyo nimekuja kuipinga leo.

Wapo wasomi wenzangu, wenye digrii kama mimi, ambao wanaiimba hukumu hiyo hiyo kwa maneno makubwa zaidi: eti magari ya umeme hayaifai Afrika kwa sababu betri hazidumu, joto kali, barabara mbovu. Ukimuuliza betri ipi, hajui. Kwake betri ni betri. Ni sawa na mtu aone lori la dizeli limewekwa petroli, likafa, halafu atangaze kwamba injini hazifai Afrika.

Tuwekane sawa. Betri huzeeka, hilo halina ubishi. Mwaka 2024 kampuni ya Geotab, inayofuatilia mwenendo wa magari kwa vifaa vilivyofungwa humo, ilichambua maelfu ya magari ya umeme ikakuta kwamba betri za lithiamu zilipoteza wastani wa asilimia 1.8 ya uwezo kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: baada ya miaka 10 gari la wastani lingebaki na zaidi ya asilimia 80. Viwandani huko watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri ya gari. Huo ndio uzee wa kawaida. Kufa ndani ya mwaka mmoja ni kuuawa, na muuaji mara nyingi ni ujinga. Si ujinga wa mnunuzi peke yake, ni ujinga aliouziwa pamoja na chombo.

Lithiamu yenyewe haina miujiza. Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukichaji zinakwenda kulala kwenye kinywe, madini yale yale tuliyo nayo Mahenge. Ukiendesha zinarudi. Betri inapojaa kabisa, au inapokuwa tupu kabisa, au inapopata joto kali, vitu vilivyomo ndani vinabanwa na kuchakaa. Mambo matatu tu. Mtoto wa darasa la sita anaelewa.

Lakini lithiamu nazo si moja. Kuna zenye nikeli na kobalti, zinazoandikwa NMC. Hizi kwa matumizi ya kila siku zinapenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80, na kujazwa mpaka 100 siku ya safari ndefu tu. Kuna zenye chuma na fosfeti, zinazoandikwa LFP, hazina kobalti hata chembe. Hizi ni ngumu zaidi, na mara kwa mara, tuseme mara moja kwa wiki, ni vizuri zijazwe mpaka 100 ili kompyuta ya betri isawazishe seli na ijue kweli kimebaki kiasi gani. Mwenye LFP ukimpa ushauri wa NMC, mita yake itaanza kumdanganya njiani. Mwenye NMC ukimpa ushauri wa LFP, unamzeeshea betri. Sasa niambieni, ni muuzaji gani wa pikipiki za umeme aliyewahi kukuambia yako ni ipi?

Hatari zaidi ni chaja. Pikipiki mbili zinaweza kuwa zimeandikwa volti 72 zote. Ya NMC yenye seli 20 hujaa kwenye volti 84. Ya LFP yenye seli 24 hujaa kwenye volti 87.6. Ukiazima chaja ya jirani kwa sababu "zote ni 72", unaweza kuisukuma betri kupita kiasi chake, na lithiamu iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuwaka moto ambao ndoo ya mchanga haiuzimi. Soma kibandiko cha chaja yenyewe, namba ya umeme unaotoka. Kama haisomeki, usiitumie. Na usichajie chumbani wanapolala watoto.

Cha kuuma ni kwamba sisi wa nyanda za juu tumepewa bahati. Adui mkubwa wa betri ni joto. Mafundi wa betri za risasi wana kanuni ya miaka mingi: joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, umri wa betri hupungua karibu nusu. Tunduma ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi tunayoilaumu kila Juni ndiyo betri inayoipenda, mradi isifike sifuri, maana lithiamu haichajiwi ikiwa imeganda. Hilo wawaze watu wa Makete na Kitulo wanaoamka na barafu kwenye majani. Kwa Chapwa, unachohitaji ni kivuli mchana, na kuiacha betri ipoe kabla ya kuichomeka. Kama unaondoka kwa wiki kadhaa, iache lithiamu ikiwa nusu. Ya risasi iache imejaa. Ona, hata hapo zinapishana!

Na milima. Chombo cha umeme kikishuka mlima, mota hugeuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na kusaidia breki. Lakini betri ikiwa imejaa asilimia 100 umeme huo hauna pa kwenda, na ile breki ya mota inapungua au haipo kabisa. Fikiria dereva amejaza mpaka juu, halafu anaanza kushuka Iwambi kwenda Mbalizi akitegemea breki aliyoizoea jana. Mteremko ule tumeshazika watu wa kutosha. Nani amemwambia? Hakuna.

Watasema haya ni mambo ya matajiri wa Masaki. Hapana. Tajiri betri ikifa ananunua nyingine au anarudi kwenye gari lake la zamani. Mwenye guta akiua betri ameua ada ya mtoto na rejesho la kikundi. Kadiri mfuko ulivyo mdogo ndivyo elimu hii ilivyo ya lazima.

Tena vyombo hivi vinakuja, tupende tusipende. Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Kigali, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa ni za umeme tu. Huko huko Kigali kampuni ya Ampersand ina mfumo ambao dereva hanunui betri kabisa. Anaendesha, anafika kituoni, anabadilishiwa, anaondoka. Mzigo wa kuitunza ni wa kampuni, na kampuni inaijua. Hapa kwetu bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Umeme tunao wa kujivunia. Lakini tunamwachia dereva wa Chapwa abebe betri, deni na ujinga, vyote peke yake.

Magari yaliyotumika ndiyo balaa linalofuata. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, betri yake ya kwanza ilikuwa ya uniti 24, ndiyo, uniti zile zile za LUKU, na haikuwa na mfumo wa maji wa kuipoza. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, jangwani Marekani, walianza kuona vijiti vya uwezo kwenye dashibodi vinapotea. Vipo 12, na cha kwanza kikizimika ujue kama asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Wakapiga kelele, wakaenda mpaka mahakamani, na Nissan ikakubali dhamana: betri ikishuka chini ya vijiti 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itengenezwe au ibadilishwe. Wale hawakusema "umeme si wa kwetu". Walidai haki yao kwa namba.

Leaf za aina hiyo ukiziona mtandaoni bei zake zinavutia. Unaangalia rangi, viti, kilomita. Kilomita! Kwenye gari la petroli sawa. Kwenye hili, kitu cha kwanza ni afya ya betri, na hata vijiti vile vinaweza kuchezewa vikaonekana vimejaa. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu iitwayo LeafSpy inayosoma hali halisi. Kumbuka pia kwamba gari hilo bado lina betri ndogo ya volti 12 kama gari lolote. Ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Utasikia mtu ameuza gari zima kwa hasara kwa sababu ya betri ndogo kama ya Corolla.

Na maiti za betri zinakwenda wapi? Zile tano za kaka zilibebwa kwa baiskeli. Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa. Phyllis Omido aliwapigania mpaka akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024. Kila betri inayouawa mapema inakwenda mapema kwenye moto wa namna ile. Sitaki Chapwa yetu iwe habari ya ukurasa wa mbele kwa sababu hiyo.

Nikiri na dhambi yangu. Niliwahi kutumwa kuandika uzinduzi wa pikipiki za umeme. Nikala sambusa, nikapokea taarifa iliyoandaliwa, nikapokea na ile inayoitwa nauli, nikaandika "rafiki wa mazingira" mara tatu. Sikuuliza betri ni ya aina gani. Sikuuliza dhamana. Sikuuliza chaja itapatikana wapi nje ya Dar. Kaka yangu husoma gazeti letu. Pengine alinunua guta lile kwa sababu ya watu kama mimi.

Tulivyoletewa injini, zilikuja na mafundi. Leo kila utingo pale Chapwa anajua kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta na kukisoma, na hakuna aliyezaliwa anajua. Alifundishwa chini ya lori kwa matusi na makofi. Betri imeletwa na muuzaji peke yake, na muuzaji ana haraka.

Kwa hiyo ninadai, na ninataka mnisaidie kudai. Kila chombo cha umeme kinachouzwa nchini kiwe na karatasi ya Kiswahili inayosema aina ya betri, chaja yake na matunzo yake. Betri iwe na dhamana yake ya maandishi yenye namba: asilimia ngapi, miaka mingapi. Kila gari la umeme lililotumika likikaguliwa, cheti kiandike afya ya betri kama kinavyoandika breki na taa. Si ndoto. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari la umeme iwe na pasipoti yake. Wao wanaipa betri pasipoti, sisi shaba na kobalti yake tunaifungulia geti Tunduma usiku na mchana, halafu mtu wetu anaambiwa "ni kama simu tu".

Mpaka siku hiyo ifike, ukienda kununua uliza maswali matatu: betri aina gani, imebaki asilimia ngapi, chaja inatoa volti ngapi. Muuzaji akicheka, rudisha pesa mfukoni na utoke.

Naomba kutoa hoja.